Unga Chini ya Kitanda

Unga ninaujua. Nimekaa kwenye kinu cha kusaga pale Bondeni miaka kumi na miwili, na hata ukinifunga macho ukaniwekea unga kidogo kiganjani nitakuambia kama ni wa mahindi ya msimu huu au yaliyolala ghalani, kama wimbi limeongezwa mtama ili lijaze debe, kama mhogo ulianikwa siku ya jua au siku ya mawingu. Watu huniletea mahindi yaliyobunguliwa na dumuzi, wamepepeta juu juu, wakidhani sitajua. Mimi hulipiga gunia kofi moja tu. Vumbi jeupe likitoka kwenye mshono, najua ndani punje zimebaki maganda. Kazi hiyo imenizoesha kutomwamini mtu anayeniambia "hii iko sawa", ingawa mume wangu husema nilifika kwenye kinu nikiwa tayari hivyo.

Kwa hiyo asubuhi nilipofagia chumba cha kulala na ufagio ukatoka chini ya kitanda na unga, upande ninaolala mimi, sikuwa mtu wa kupuuza. Niliuchota nikausugua kati ya vidole. Ulikuwa laini kuliko unga wowote niliowahi kusaga, laini kama poda ya mtoto, na rangi yake ilikuwa ya manjano kwa mbali. Niliunusa. Haukuwa na harufu ya nafaka. Sikuuonja. Kitu kilichowekwa chini ya kitanda cha mwanamke aliyeolewa hakionjwi.

Nilihesabu upesi nikiwa bado nimechuchumaa. Tulikuwa na miezi minane ya ndoa. Nilikuwa sijashika mimba. Na kile kitanda kilikuwa kimetengenezwa na baba mkwe wangu kwa mikono yake mwenyewe.

Hapo lazima nieleze. Mume wangu na mimi hatutoki kabila moja. Anayeishi katika bonde hili hahitaji kuambiwa zaidi ya hapo. Mwaka ule wa vurugu za uchaguzi nilikuwa msichana wa shule, na familia yetu ilitoka shambani na godoro moja na sufuria mbili juu ya trekta ya mtu tusiyemjua. Waliotufukuza walikuwa wanaongea lugha ya watu wa mume wangu. Si yeye, na si baba yake, hilo najua. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kulala usingizi mzito katika nyumba ya watu hao ni kitu kingine, na mimi usingizi wangu tangu hapo ni mwepesi.

Mzee ni seremala, anaishi Ndabibi, na alikuwa mjane tayari nilipomjua. Siku wazee wetu walipokwenda kwake kuzungumza habari ya ndoa, alisikiliza kila kitu, halafu akasema, "Mimi sina neno." Kila mtu alifurahi isipokuwa mimi. Mtu mwenye furaha huwa na neno. Kurudi nyumbani nilimwambia mjomba wangu, kwa siri, atafute sababu yoyote harusi iletwe mbele, isingoje Desemba tuliyokuwa tumekubaliana. Niliogopa mzee akipewa miezi yote hiyo ya kufikiri atageuka. Mjomba alitafuta sababu, sijui gani, na harusi ikafanyika Agosti.

Kitanda kilikuja wiki ya harusi juu ya pikapu, kimefungwa kwa magunia, vipande vipande. Mzee alifuatana nacho lakini hakukigusa. Alikaa sebuleni kwenye kiti kilichoupa mlango wa chumba cha kulala mgongo, akanywa chai, huku mume wangu na binamu yake wakikiunganisha ndani. Kwao baba mkwe haingii chumba cha mke wa mwanawe, hata nyumba ikiwaka moto. Kitanda cha mke wa mwanawe hata hakitaji kwa jina. Kwetu pia kuna heshima hiyo, ila si kwa ukali huo. Binamu alipotoka akasema kimekaa vizuri, mzee aliitikia kwa kichwa akaomba chai nyingine.

Nacho kilikuwa kizuri, siwezi kusema uongo. Ulikuwa mti wa mgunga, ulioangushwa na upepo kwenye shamba lake upande wa ziwani, na hakukuwa na msumari hata mmoja. Ubao uliingia ndani ya ubao. Kichwani alikuwa amechonga mstari mmoja tu wa majani, basi, bila mbwembwe. Nilipokuwa nakipangusa nilikuwa nasema moyoni kwamba mtu asiyekutaka hawezi kukuchongea majani. Halafu nilikuwa najijibu kwamba anaweza.

Basi nikaanza uchunguzi.

Nilianza na jirani. Nyumba zetu za kaunsili zimebanana, ukuta mmoja watu wawili, na jirani yangu alikuwa na ufunguo wangu wa akiba kwa sababu mafundi wa maji hawana saa. Nilienda nikauchukua, nikamwambia nimepoteza wangu. Alinipa akiniangalia vizuri. Unga ukaendelea. Nikabandika kipande cha utepe wa gundi juu ya mlango wa chumba nikienda kazini, mahali ambapo mtu akifungua lazima kikatike. Jioni nilikikuta kizima, na chini ya kitanda unga uko. Hapo nilitandika gazeti chini ya kitanda chote, ukurasa kwa ukurasa, na kila asubuhi nikawa napiga magoti na kusoma, si habari, bali ni wapi pameanguka nini. Ulikuwa unaanguka katika vichuguu vidogo, kila kimoja kikiwa mahali pake, kana kwamba mtu alikuwa amevipima kwa ncha ya kisu.

Ndipo nikaona jambo lililonikata maini. Jumatatu hadi Alhamisi unga ulikuwa kidogo. Jumamosi asubuhi na Jumapili ulikuwa mwingi, wakati mwingine mara tatu. Mume wangu ni makanika wa malori kule Salgaa, analala huko katikati ya wiki, na hurudi Ijumaa jioni. Yaani siku alizokuwepo yeye ndizo siku unga ulikuwa mwingi.

Na si yeye peke yake. Mzee alikuwa akija mjini Jumamosi moja kila mwezi kununua gundi na msasa, na akija anapitia kwetu. Haji siku ambayo mwanawe hayupo, hiyo pia ni heshima. Anakaa kwenye kiti kile kile, mgongo kwa mlango wa chumba, kofia kwenye goti. Mimi namwita Baba, yeye ananiita Mama, na hatutazamani usoni. Zamani alikuwa anauliza habari za kinu, za mvua, za wazazi wangu. Sasa alikuwa na swali moja jipya, na alimuuliza mwanawe mbele yangu kana kwamba mimi ni kabati.

"Ile kitu inasimama aje?"

"Iko sawa, mzee."

"Umeangalia chini?"

"Iko sawa tu."

Nilikuwa namimina chai, na chai ilimwagika kwenye sahani. Umeangalia chini. Kwa nini mtu ajue kuna kitu chini? Nilimtazama mume wangu nione kama wamekonyezana. Alikuwa anachovya mkate. Sura yake haikuwa na lolote, na hilo lenyewe nikaliandika moyoni kama ushahidi.

Mimi ni mtu wa kanisa. Sikusema hata mara moja kwamba mzee ni mchawi, na hata leo sisemi. Nilisema tu kwamba mtu aliyekubali ndoa kwa maneno matatu, akanipa kitanda, kitanda kikamwaga unga usiojulikana upande wangu, nami sishiki mimba, na kila mwezi anakuja kuuliza kama kimesimama, huyo mtu ana jambo. Ningekuwa mkweli ningesema kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimeanza kumpenda yule mzee. Alikuwa na namna ya kuacha kipande cha mwisho cha mkate kwenye sahani na kuisukuma sahani upande wangu bila kusema kitu. Nilijiona mjinga kwa kuwa nilikuwa nimekula vile vipande.

Mwezi wa sita, Jumatatu, mume wangu akiwa amekwisha kwenda Salgaa, nilikuwa natafuta kiberiti juu ya rafu ya jikoni nikagusa chupa nyuma ya mkebe wa majani ya chai. Ilikuwa chupa ya soda, imezibwa kwa gunzi la mahindi, na pembeni yake brashi mpya. Niliifungua. Ilinuka mafuta ya taa, ikanuka uchungu mwingine nyuma ya mafuta hayo, na ndani mlikuwa na majani yamelowa yakawa meusi. Mzee alikuwa amekuja Jumamosi iliyotangulia. Nilikumbuka walivyosimama nje kwenye mlango wakati anaondoka, kichwa na kichwa, na mfuko wa karatasi ukitoka mkono huu kwenda ule.

Ningeweza kumpigia mume wangu simu. Sikupiga. Kumuuliza kungekuwa kumpa nafasi ya kutunga jibu, na mimi nilikuwa nimechoka na majibu. Nilikaa kwenye kigoda na woga, na zaidi ya woga hasira, hasira ya kuona kwamba nilikuwa nimekuwa sahihi muda wote. Hakuna kitu kibaya kama kuwa sahihi juu ya mtu unayelala naye.

Saa nne asubuhi niliita watu wawili wa mkokoteni. Niliwaambia kitanda kina kunguni. Walikifungua kwa shida kwa sababu hakikuwa na msumari wa kung'oa, ikabidi wagonge viungo kwa nyundo iliyofungwa kitambaa, na kila walipogonga unga ulimwagika sakafuni. Mmoja alisema, "Mathe, hii kunguni yako inakula ugali," na mwenzake akacheka. Mimi sikucheka. Walikipeleka kwenye uwanja ulio nyuma ya nyumba zetu ambapo watu huchoma takataka. Nilimwagia mbao ile chupa ya mzee yenyewe, majani na yote, nikaona ni haki, nikawasha.

Mgunga mkavu unawaka vizuri. Nilisimama upande wa upepo nikatazama. Nilikuwa nimetarajia nitajisikia mwepesi, kama siku mtu anapotapika kitu kilichomsumbua. Nikawa naona majani yale aliyochonga yakianza kuwa meusi pembeni.

Kuna fundi mwenye kibanda cha mbao hatua chache kutoka pale, mtu mzima, nilikuwa namjua kwa sura tu. Alikuja mbio na aproni yake, si kwa sababu ya moto, bali kwa sababu ya mbao.

"Sasa, mathe. Nani anachoma mgunga?"

Nilimwambia kuna uchafu ndani yake. Hakunisikiliza. Alivuta ubao wa kichwani kwa mguu, akaukanyaga moto ukazima, akaugeuza. Akatoa kisu mfukoni akakwaruza pembeni, mahali pale peupe karibu na ganda, na ule ubao ukafunguka kama biskuti iliyolowa. Ndani mlikuwa na njia nyembamba zilizopitana, zote zimeshindiliwa ule unga wangu. Katika njia moja palikuwa na kidudu cha rangi ya kahawia, chembamba, kidogo kuliko punje ya mchele iliyokatika. Kilikuwa bado kinatembea. Kiliuacha moshi kikaenda zake kwenye kidole cha fundi.

"Uchafu ni huu," alisema. "Sisi tunaita wadudu ya unga. Hukai na mahindi wewe? Hii ni kama dumuzi tu, ni watu wa boma moja. Huyu hula mbao."

"Ameingia lini? Mimi nafagia kila siku."

"Hajaingia kwako. Alikuja na mbao. Anatagwa huko ndani kama mbao ni mbichi bado, ina sukari yake, anakula pole pole miezi yote hiyo, wewe huoni kitu. Hii mashimo unaona ni ya kutoka, si ya kuingia. Saa ile unaona unga, amemaliza kula."

Nilimuuliza, kwa sauti niliyotaka iwe ya kawaida, kwa nini basi unga unaongezeka siku fulani za wiki. Aliuliza siku gani. Nikamwambia wikendi. Aliinamisha kichwa akakwaruza ubao ambao haukuhitaji kukwaruzwa.

"Kitanda ikitingishwa, inamwaga," akasema.

Nilitazama upande wa barabara muda mrefu.

Kisha aliukwaruza ubao katikati, kwenye kiini chekundu, na kisu hakikuingia. "Hapa hawajaweza. Wao hula nyeupe peke yake. Huyu fundi alijua kazi, angalia hizi viungo. Ni vile tu hakuacha mti ikae. Mgunga unaulaza kwa maji kwanza, ile sukari itoke. Huyu alikuwa anaharakishwa na mtu."

Sikulitilia maanani hilo la mwisho siku ile. Nilikuwa natazama mbao nyingine, ambazo zilikuwa zimekwisha kuwa makaa. Mwanamke anayetambua mahindi mabovu kwa kofi moja alikuwa amelala miezi kumi juu ya dumuzi wa mbao na kuwashuku watu wote waliomzunguka. Na ile chupa nilikuwa nimeimwaga motoni, kwa hiyo hata sikuweza kumuonyesha fundi. Nilimweleza harufu yake tu. "Mafuta ya taa na mwarobaini," alisema. "Ni dawa ya hawa. Unapaka na brashi."

Mume wangu aliporudi Ijumaa alikuta godoro sakafuni na ubao mmoja ulioungua umeegemea ukuta. Nilimwambia yote, kuanzia gazeti hadi kiberiti, nikimtazama miguu. Nilitarajia kelele. Aliketi kwenye godoro na viatu vyake vya grisi.

"Mzee aliniambia nipake hiyo dawa Jumamosi, nikasema nitapaka wiki ijayo," alisema. "Hata kuangalia chini sikuangalia. Nilikuwa namwambia iko sawa."

"Kwa nini hukuniambia kuna dawa?"

"Ungeniuliza maswali."

Hilo lilikuwa kweli, na lilinichoma. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nalijua. Kwao, mtu akitoa kitanda cha ndoa nje na kukichoma, anatangaza kwamba hiyo nyumba imeisha. Hakuna maneno mengine yanayohitajika. Watu wa pande zote mbili hukaa chini kutenganisha vitu. Baba yake akisikia kutoka kwa mtu mwingine, alisema, hatauliza kwa nini, ataona nimesema nilichotaka kusema, na hatakanyaga kwetu tena.

"Na wewe?" nikauliza.

"Mimi nimeona godoro iko hapa na wewe uko hapa. Lakini yeye lazima asikie kwako. Si kwangu."

Kesho yake tulienda Ndabibi na ule ubao umefungwa kwenye leso. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno na kuyapangua. Nilimshuku hata mume wangu kwamba alikuwa amempigia baba yake simu nyuma yangu, nikamuuliza mara mbili. Tulipofika nyumba ilikuwa wazi na hamna mtu. Mume wangu alionyesha kwa kidevu upande wa chini, kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe, akaketi kwenye ngazi. Nilijua maana yake ni kwamba niende peke yangu.

Kufika bwawani unapita kando ya banda la kazi la mzee. Mlango ulikuwa wazi na mimi ni mimi, nikachungulia. Juu ya meza yake, mbali na vitu vingine, kulikuwa na kipande cha ubao cha urefu wa mkono, chenye upande mweupe na upande mwekundu. Kilikuwa kimewekwa juu ya gazeti. Na juu ya gazeti, katika vichuguu vidogo, kila kimoja mahali pake, kulikuwa na unga.

Nilisimama pale nikashika mlango. Mzee alikuwa amehifadhi kipande kilichobaki cha kitanda changu, na kwa kuwa hakuweza kuingia chumbani kwangu kutazama, wala kuniuliza, alikuwa akitazama hicho. Hicho kilipoanza kumwaga, alijua na changu kinamwaga. Wakati mimi nilikuwa napiga magoti kule Bondeni kusoma gazeti langu, yeye alikuwa huku amevaa miwani anasoma lake.

Nilimkuta ukingoni mwa bwawa na buti za mpira, amenipa mgongo. Nilisimama mbali kidogo, kama inavyotakiwa, nikamwamkia. Aliitika bila kugeuka. Nikamwambia. Sikutumia hata neno moja kati ya yale niliyopanga. Nilisema nimeichoma ile kitu, Baba, kwa sababu nilikudhania vibaya, na sikujua kwenu kuchoma ni kusema nini, na sijasema hivyo. Nikaufungua ule ubao kwenye leso nikauweka kwenye nyasi, nikarudi nyuma hatua mbili ili auchukue.

Aliuchukua. Alipitisha kidole gumba juu ya majani aliyochonga, yaliyoungua na yaliyobaki.

"Walikula nyeupe peke yake?"

"Ndio, Baba."

"Ya katikati?"

"Ilikuwa nzima. Fundi alijaribu kisu ikakataa."

Aliitikia kwa kichwa, na niliona bega lake likishuka kidogo, kama la mtu aliyetua mzigo. Nilielewa kwamba miezi ile yote na yeye alikuwa na hofu yake, na haikuwa juu yangu. Ilikuwa juu ya mikono yake.

Ndipo alipoonyesha maji. Chini yake kulikuwa na mbao, sita au saba, zimelala kwenye tope zimekandamizwa kwa mawe. Zilikuwa zimeanza kuota utelezi wa kijani.

"Hizi nimeweka tangu ile kipande ilianza kumwaga," alisema. "Nikasema nitawatengenezea ingine, pole pole, halafu nimwambie kijana abadilishe. Ile ya kwanza ilikaa maji wiki nne. Inataka miezi sita. Nilijua haijatosha."

Maneno ya fundi yalinirudia yote kwa mara moja. "Kwa nini wiki nne, Baba?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua jibu.

"Watu wenu walileta siku mbele. Nilikuwa nimehesabu Desemba." Alisukuma jiwe moja kwa ncha ya buti. "Ningesema ingoje. Lakini nikaona nikisema ingoje, watafikiria nimegeuka. Msichana atafikiria simtaki. Nikatoa mbao."

Nilikuwa nimelia mara chache sana tangu ile siku ya trekta. Pale nililia, wima, mikono imeshika leso tupu. Nilimwambia si watu wetu. Ni mimi. Mimi ndiye nilimtuma mjomba, kwa sababu nilidhani utageuka.

"Najua," mzee alisema. "Mjomba wako si mtu ya kuficha kitu."

Alijua tangu kabla ya harusi. Alijua wakati anachonga yale majani. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nilipomfahamu, aligeuka akanitazama usoni.

"Hizi nazo zitakaa mpaka zitosheke," alisema. "Sasa hakuna mtu anatukimbiza."

Tulilala kwenye godoro sakafuni miezi minane. Kitanda cha pili kilikuja mwezi wa pili, kwa pikapu ile ile, na ubao wa kichwani ni ule ule wa kwanza, ameukata pembe zilizoungua na kuondoa weupe wote, majani machache yamebaki. Mzee alikaa kwenye kiti chake, mgongo kwa mlango. Mteja wangu mmoja anayefundisha mambo ya kilimo aliniambia jina la kitabuni la wale wadudu ni Lyctus, na kwamba fundi alikuwa sahihi, wao na dumuzi ni ukoo mmoja. Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika.

Gazeti bado liko chini ya kitanda. Nalibadilisha kila Jumapili na halijawahi kuwa na kitu zaidi ya vumbi la kawaida. Mwezi uliopita mzee alipokuja, alimuuliza mwanawe, mbele yangu, kama Mama bado anaweka gazeti. Mume wangu aliona haya kwa niaba yangu akasema ndio, bado. Mzee aliisukuma sahani yenye kipande cha mwisho cha mkate upande wangu.

"Mwambie asiache," alisema. "Hata mimi yangu bado iko."

Nilikula ule mkate.